Vinundu ku Mizizi ya Tomati: Minyoo ya Udongo na Deni la Bustani Zetu

Mazungumzo haya yalitolewa na agronomu wetu wa shamba mbele ya mkutano wa wanachama, komini ya Kikula, Likasi. Tunayachapa kwa sababu wengi waliyaomba, na ili wale wanaotusaidia kutoka mbali wajue pia kilichotokea ku bustani za kiangazi.



Leo nimeweka vitu vitatu juu ya meza. Cha kwanza ni mmea wa tomati, umeng'olewa pamoja na mizizi yake. Cha pili ni mmea wa maharagi, umeng'olewa vilevile. Cha tatu ni sahani ya maji, ambayo mmoja wenu alitaka kuimwaga asubuhi hii, akifikiri mtoto ameisahau. Tafadhali musiimwage. Mu sahani hii muna wanyama wengi kuliko sisi sote tulio ndani ya nyumba hii. Mwalimu mmoja wa biolojia ametuazima mikroskopi yake mpaka saa tisa. Tukimaliza kuongea, kila mmoja atapita kuangalia.

Munajua juu ya nini tuko hapa. Mwezi wa tano sanduku la chama lilitoa mkopo kwa wanachama wanaolima ku dembo. Tomati za kwanza zilitoka vizuri, watu wakauza, watoto wakalipiwa masomo. Tomati za pili, zile za mwezi wa nane, zilianza kulegea saa sita mchana mu mwezi wa tisa, na mu mwezi wa kumi zikafa zikiwa na matunda madogo kama karanga. Deni likabaki.

Mu mkutano uliopita yalisemwa maneno mazito. Wengine walisema: ni uvivu. Wengine walisema kwa sauti ya chini: ni ulozi, kuna mtu hakufurahi kuona waliorudi wakiuza ku soko. Wengine wakasema: ni asidi ya Shituru. Mama mmoja akasimama akasema, nilimwandika vile alivyosema: "Nilitia maji kila asubuyi na kila mangaribi. Banasema eti niko muvivu. Mbona bitunguu byangu bya kando biko muzuri?" Hakuna aliyemjibu. Mimi pia sikumjibu. Leo nataka kumjibu, kwa sababu swali lake lilikuwa swali la mtu anayejua kulima.

Nianze na asidi. Kuogopa udongo wa mji huu si ujinga. Likasi imeishi kwa shaba tangu wakati ilipokuwa inaitwa Jadotville. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walionyesha kwamba watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga walikuwa na kobalti nyingi sana ndani ya mkojo wao. Basi hilo ni jambo la kweli, na siku nyingine tutaliongelea. Lakini metali mbaya haichagui tomati na kuacha kitunguu kilicho karibu yake mkono mmoja. Na metali haitengenezi kitu kama hiki.

(Hapa msemaji aliinua mmea wa tomati.)

Angalieni mizizi. Mzizi wa tomati unapaswa kuwa mwembamba na laini kama uzi. Hii imejaa vinundu, kama kamba iliyofungwa mafundo mengi. Sehemu zingine zimevimba kama tangawizi. Hiyo ni kazi ya mnyama. Jina lake la kisayansi ni Meloidogyne. Wakulima wa Tanzania wanamwita minyoo fundo, na mimi naona jina hilo linatosha. Yeye ni mmoja wa kundi kubwa la wanyama wanaoitwa nematodi.

Nematodi ni nani? Munawajua ndugu zao. Minyoo ya tumbo tunayowapa watoto dawa yake ku santé ni nematodi. Mdudu anayeleta upofu wa mtoni ni nematodi. Lakini hao ni wachache. Wengi wanaishi mu udongo na hawamjui mtu. Mwaka 2019 watafiti kutoka nchi nyingi walikusanya hesabu za udongo wa dunia nzima, wakaona kwamba ku nchi kavu, katika kila wanyama watano, karibu wanne ni nematodi. Hapo wamehesabiwa pamoja na siafu na mchwa. Mita moja ya mraba ya bustani nzuri inaweza kuwa na milioni kadhaa. Hatuwaoni kwa sababu wengi hawafiki urefu wa milimita moja, tena wako wembamba na mwili wao unapitisha mwangaza kama kioo.

Mwili wake uko namna gani? Fikirini pneu ya kinga. Pneu bila upepo inalala. Ukiijaza upepo inasimama na kubeba gunia la makala. Nematodi hana mfupa hata mmoja. Ameumbwa kama mpira mrefu uliojazwa maji kwa nguvu, na ngozi ngumu ya nje inayozuia yale maji. Ndani ya mpira huo kuna mpira wa pili: mdomo, koo, utumbo, na mahali pa kutokea. Basi. Hana moyo, hana damu, hana mapafu. Hewa inapita ku ngozi.

Misuli yake yote inakwenda kwa urefu, toka kichwa mpaka mkia. Hana ile ya kuzunguka mwili, ambayo mnyoo mkubwa wa udongo anayo. Kwa hiyo hawezi kujikunja na kujinyoosha kama yule tunayemtumia kuvua samaki. Anaweza tu kupinda upande huu, halafu upande ule, kama nyoka aliyelala ubavu. Mutamwona ku mikroskopi: anaandika herufi S, tena S, tena S. Hivyo ndivyo anatembea, ndani ya ule unyevu mwembamba unaozunguka chembe za udongo. Bila unyevu hatembei. Shikeni neno hilo, litatusaidia mbele.

Koo lake ni pompi. Kwa sababu mwili umejaa maji kwa nguvu, chakula hakiingii chenyewe. Lazima koo livute na kusukuma, livute na kusukuma. Kuzunguka koo kuna pete ya mishipa ya fahamu, hiyo ndiyo ubongo wake. Na pembeni ya mdomo kuna vitundu viwili vya kunusia. Hana macho kama yetu, lakini ananusa mzizi mu giza.

Kuna nematodi mmoja ambaye wanasayansi wanamjua kuliko mnyama mwingine yeyote duniani. Anaitwa Caenorhabditis elegans. Aliyemweleza kwanza ni Mfaransa Émile Maupas, mwaka 1900, akimtoa mu udongo wa Algiers, hapa hapa Afrika. Baadaye Sydney Brenner, mtoto wa Afrika Kusini, alimchukua kuwa mnyama wa kazi kule Cambridge, Uingereza. Waliweza kuhesabu kila seli: mkubwa ana seli 959 za mwili, na katika hizo 302 ni za fahamu. Mwaka 2002 Brenner na wenzake wawili, Robert Horvitz na John Sulston, walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Ninawaambia hayo ili mujue kwamba mnyama huyu si hadithi ya agronomu anayetafuta kisingizio.

Sasa anakua namna gani? Anatoka ku yai, na kabla ya kuwa mkubwa anajivua ngozi mara nne, kama mtoto anayebadilisha nguo kwa sababu zimembana. Yule elegans, mu joto zuri, anamaliza safari hiyo kwa siku kama tatu. Lakini ana akili moja ya ajabu. Mtoto akiona chakula kimepungua na wenzake wamejaa mno, anabadilisha njia. Anafunga mdomo, anakaza ngozi, hali kitu, na anangoja kwa miezi. Siku chakula kikifika, anafungua mdomo na kuendelea na maisha pale alipoachia. Nilipowaeleza vijana jambo hili, mzee mmoja aliyekuwa anasikiliza pembeni akacheka, akasema: "Huyo alikuwa na sisi ku Meheba." Kweli, papa. Alikuwa na nyinyi.

Tuingie mu chakula, kwa sababu hapo ndipo tunatofautisha rafiki na adui. Nematodi unamjua kwa mdomo wake.

Kuna wenye mdomo kama tiubu iliyo wazi. Hao wanakula bakteria. Na wanatufanyia kazi kubwa. Bakteria ana azoti nyingi kuliko ile nematodi anayohitaji, kwa hiyo nematodi anatupa ile inayobaki, na mizizi ya mimea inaichukua. Ni mbolea bila franka. Munapoweka mbolea ya kuku iliyooza vizuri na majani yanageuka kijani, sehemu ya kazi hiyo imefanywa na wao.

Kuna wenye sindano nyembamba sana mdomoni. Wanachoma nyuzi za kuvu na kunyonya. Kuna wenye meno, kama wale wanaoitwa Mononchus. Hao ni wawindaji, wanameza nematodi wengine, hata wale wa fundo. Kuna wanaoua wadudu: wanaingia ndani ya funza wa udongo wakibeba bakteria zao, funza anakufa kwa siku chache. Kule Rubona, Rwanda, wamejenga mahali pa kuzalisha nematodi wa namna hiyo ili wakulima wawatumie badala ya sumu.

Halafu kuna wenye sindano ngumu ya kutoboa mizizi. Hao ndio wanatula sisi. Wengine wanachoma mzizi wakiwa nje. Wengine wanaingia na kutembea ndani wakiacha vidonda, kama wale wa migomba na wa mahindi. Na mmoja anaingia, anakaa, na hatembei tena. Huyo ndiye wa fundo.

Sikilizeni maisha yake. Anajivua ngozi mara ya kwanza angali ndani ya yai. Anatoka akiwa na urefu wa karibu nusu ya milimita, akibeba akiba ndogo ya mafuta mwilini. Hawezi kula kitu kingine isipokuwa mzizi ulio hai. Ananusa, anafika ku ncha ya mzizi, mahali pororo, anatoboa na kupita katikati ya seli mpaka karibu na mishipa ya maji ya mmea. Hapo anachagua seli chache, anazichoma na kuziingizia mate. Mate hayo yanaudanganya mmea. Zile seli hazigawanyiki tena kama kawaida. Zinakuwa kubwa, kubwa sana, na kazi yao sasa ni moja: kumpikia mgeni. Nyama ya mzizi inayozizunguka inavimba. Hicho ndicho kinundu.

Mwanamke wa minyoo fundo akishaanza kula anavimba kama peya. Misuli ya kutembea inapotea. Anabaki pale mpaka kufa, akinyonya na kutaga. Mayai yake yanatoka mu ute mzito kama uji wa sombe, mamia ndani ya kifuko kimoja, na ute huo unayalinda na ukavu. Katika aina inayoenea zaidi ku inchi za joto, Meloidogyne incognita, mwanamke hahitaji hata mume ili atage.

Muda wake unategemea joto. Mu udongo wenye joto, toka yai mpaka yai, ni wiki tatu mpaka nne hivi. Mu baridi safari hiyo inaweza kupita miezi miwili. Sasa fikirini kiangazi cha Likasi. Mwezi wa sita na wa saba usiku tunaomba blanketi. Mwezi wa tisa na wa kumi jua linachoma. Tufanye hesabu pamoja. Mwanamke mmoja anataga, tuseme, mayai mia tatu. Tuseme karibu wote wanakufa, wanabaki kumi tu. Kizazi cha kwanza: kumi. Cha pili: mia moja. Cha tatu: elfu moja. Na hiyo ni kwa mnyoo mmoja.

Kwa hiyo tomati za mwezi wa tano zilikua wakati adui alikuwa mchache na mwenye baridi. Zilizaa, lakini mizizi yake ilikuwa inalea. Tukazing'oa majani, tukaacha mizizi mu udongo, tukapanda tomati zingine ku planshi ileile mwezi wa nane, na joto likafika. Za kwanza ziliuzwa, za pili zikalipa deni lake.

Mama uliyeuliza, jibu lako ni hili. Mimea yako ililegea saa sita mchana si kwa sababu ulikosa kutia maji. Maji yalikuwepo. Mizizi ilikuwa imefungwa, haikuweza kuyapandisha. Ndiyo maana jioni mimea iliamka kidogo, na kesho mchana ikalala tena. Na vitunguu vyako vilisimama kwa sababu kitunguu kwa kawaida hakimlishi mnyama huyu vile tomati inavyomlisha. Kama ungekuwa mvivu, kitunguu ndicho kingekufa kwanza.

Sasa nifike ku sehemu ambayo sikupenda kuiandika.

Mnyama huyu hatembei mbali. Kwa nguvu zake mwenyewe hawezi kwenda hata mita chache kwa msimu. Anasafirishwa: na jembe lenye udongo, na maji yanayotiririka toka planshi moja kwenda nyingine, na zaidi ya yote, na miche. Mwezi wa tano, mimi nilinunua miche ku pepinieri moja nje ya mji, nikawagawia. Nilihesabu miche. Niliangalia majani, yalikuwa kijani. Nikatia sahihi. Mizizi sikuiangalia. Ku ripoti niliandika kwamba miche imegawiwa kwa wakati, na hilo lilikuwa kweli.

Mwezi uliopita nilirudi ku pepinieri ile, nikang'oa miche iliyobaki. Vinundu vilikuwa mu mizizi tayari. Halafu tulipita ku bustani zenu zote, pamoja na vijana wawili wa chama. Planshi zilizopandwa miche niliyowapa, mizizi ilikuwa kama hii. Lakini kuna ba mama wawili ambao miche haikuwatosha, wakapanda mbegu zao wenyewe mu sanduku lenye udongo wa kichuguu. Tuling'oa za kwao pia. Mizizi misafi, isipokuwa mstari mmoja ulio chini ya mfereji wa jirani.

Basi musitafute mlozi. Minyoo hii iliingia mu bustani zenu na miche ya mradi, na mkono ulioileta ni huu. Nimekwisha kuandika hivyo kwa wakubwa wangu pia.

Tufanye nini sasa? Sitawaambia kuna dawa ya siku moja. Anayeingia mu udongo hatoki wote. Lakini anaweza kupunguzwa mpaka tomati izae.

Kwanza, jifunzeni kumjua. Chukueni mmea wa maharagi huu. Nao una vinundu, na hivyo ni vizuri. Ni nyumba za bakteria wanaokamata azoti ya hewa. Tofauti ni hii: kinundu cha maharagi kimeshikamana pembeni ya mzizi, ukikisukuma kwa kidole kinatoka, na ukikipasua ndani ni chekundu-chekundu. Kinundu cha minyoo ni mzizi wenyewe umevimba. Hakitoki mpaka mzizi ukatike. Musing'oe maharagi mazuri kwa woga.

Pili, pimeni udongo kabla ya kupanda. Chukueni udongo wa sehemu mbalimbali za planshi, mujaze mu boksi za maziwa zilizokwisha, mupande mbegu chache za tomati au saladi, mutie maji. Kisha wiki sita, ng'oeni taratibu, osheni mizizi. Vinundu vingi: msipande tomati pale. Anayetaka kuwaona wenyewe afanye kama sahani hii: chujio la unga, kitambaa laini cha pamba ndani yake, vijiko vichache vya udongo, na maji yanayogusa udongo kidogo kutoka chini. Siku moja au mbili nematodi wanashuka mu maji wenyewe. Daktari mmoja, Baermann, alifundisha njia ya namna hiyo kule Java mwaka 1917, akitafuta minyoo ya watu.

Tatu, miche. Kuanzia sasa kila mmoja atajipandia yake. Udongo wa sanduku tuuchome: uloweshe kidogo, uweke juu ya tole ku moto, uchomeke ndani kiazi kidogo, ufunike. Kiazi kikiiva, udongo umeiva. Uache upoe mpaka kesho ndipo upande. Na mtu yeyote akiwaletea miche, hata kama ni mimi, hata kama amevaa jile ya shirika, ng'oeni mitano, osheni mizizi mbele yake. Ikiwa na fundo, arudi nayo.

Nne, mukimaliza kuvuna, ng'oeni mizizi siku ileile. Musiitupe ku shimo la mbolea, musiiache pembeni ya mfereji. Ianikeni juani ikauke kabisa, kisha ichomeni. Anapokosa unyevu hatembei, tulisema. Na mzizi uliobaki chini ni nyumba yenye kitanda na chakula.

Tano, badilisheni mazao. Tomati, mpwa, pilipili, bamia, tango, karoti: wote ni wapishi wake. Musiwafuatanishe. Karanga kwa sehemu kubwa inamnyima chakula, kitunguu na kitunguu saumu vinamlisha kidogo. Wekeni misimu miwili bila wale wapishi, na mupalilie magugu, maana magugu mengi yanamlisha kimyakimya. Yale maua ya rangi ya machungwa yanayoitwa Tagetes yanasaidia, lakini yajaze planshi nzima kwa miezi mitatu hivi. Mashina mawili pembeni ni mapambo tu.

Sita, jua letu la mwezi wa tisa na wa kumi tulifanyishe kazi. Loweshe udongo wa planshi, tandika plastiki inayopitisha mwangaza, fukia pande zote, acha wiki nne mpaka sita. Joto linapanda chini ya plastiki na kuwaua wengi walio karibu na juu. Na mbolea ya kuku iliyooza isikosekane, maana inawalisha wale marafiki, wenye meno na wanaokula bakteria, na hata kuvu moja, Arthrobotrys, inayotega nyavu ndogo na kukamata nematodi kama samaki.

Saba, mukinunua mbegu, angalieni pakiti. Herufi N kando ya jina la tomati inaonyesha inavumilia minyoo fundo. Nguvu hiyo ilitoka kwa tomati ya pori ya Amerika ya Kusini. Lakini udongo ukipita digri 28 nguvu inapungua. Kwa hiyo tomati ya N ni ya kupanda mwezi wa tano. Musiiweke mu jua la mwezi wa kumi na kunilaumu.

Na sumu? Najua kuna mtu anauza chembe ku soko, kwa kijiko, bila pakiti, bila jina. Nawaomba kama ndugu yenu: hapana. Sumu za nematodi ni kati ya zile kali zaidi za shamba. Moja, DBCP, ilionekana mwaka 1977 kwamba imewanyima uzazi wanaume waliokuwa wanaitengeneza ku kiwanda kule California. Dembo letu ndilo tunaloogea na kufulia. Tena sumu haitofautishi mwenye sindano na mwenye meno. Inaua wote, na wa kwanza kurudi ni yule tusiyemtaka.

Wengine wanapigana vita hii pia. Kenya waligundua mwaka 2015 nematodi mwingine, wa viazi, na watafiti wa IITA na icipe kule Nairobi pamoja na wenzao wa Marekani wakajaribu kufunga mbegu ya kiazi ndani ya karatasi ya nyuzi za mgomba, yenye dawa kidogo sana. Mwaka 2022 walitangaza kwamba mavuno yaliongezeka mara kadhaa. Ninaitaja juu ya mgomba. Kitu tunachotupa kila siku kilikuwa sehemu ya jibu.

Nimalize na deni, maana ndilo lililotuleta.

Ninaomba mkutano ukubali mambo mawili. Moja: wale wote ambao tumeona vinundu ku mizizi yao, deni lao lingoje mpaka mavuno ya mwaka ujao, bila kuongezwa hata franka. Bei ya ile miche itoke ku mradi, isitoke kwao. Mbili: ku daftari la sanduku, kando ya majina fulani, limeandikwa neno "uvivu". Nimeliona. Ninaomba lifutwe. Mtu aliyeanza maisha mara mbili, mara moja ku kambi ya inchi ya watu na mara nyingine hapa nyumbani, anaweza kubeba deni. Neno kama hilo linamlemea zaidi.

Na kwa ninyi wafadhili mutakaosoma: fedha zenu hazikuibiwa wala hazikulala. Zilizaa mara moja, mara ya pili zikaliwa na mnyama ambaye sisi tulimbeba. Tunachoomba safari hii ni kidogo: plastiki ya kufunika planshi, mbegu nzuri, na mikroskopi moja ya kwetu, ili tusirudishe hii saa tisa.

Sasa simameni kwa mstari. Mama wa vitunguu aanze.

Baada ya mazungumzo: mkutano ulikubali deni lingoje. Mweka sanduku alifuta neno lile mbele ya wote, kwa kalamu yake mwenyewe. Foleni ya mikroskopi ilipita saa tisa, na mwalimu alituvumilia mpaka saa kumi na moja.